Kinini ya Uhuru

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniwekea mezani kipande cha gome kilichojikunja kama jani kavu la tumbaku, akaniuliza kama ninakijua. Nilikinusa kwanza. Harufu yake ni hafifu, ya ukuni mkavu na vumbi kidogo, na mtu mwingine angesema haina harufu kabisa. Lakini mate yalinijaa mdomoni, na nikajikuta nimesimama tena uani kwetu, mtaa wa Rugenge mjini Uvira, miguu mitupu, nikimtazama shangazi yangu Faida akikoroga nyungu kwa mikono miwili.

Ninyi mliokua wakati mmoja nami, Uvira au huko katika bonde la Ruzizi, mnalijua gome hili hata kama hamkuwahi kuliona. Ni la kinkina, mti ambao Wabeleji waliupanda kwenye milima ya upande wa Bukavu, na ndimo inamotoka kinini. Sisi tulikipa jina hilo kila kidonge, cha kichwa, cha tumbo, hata cha minyoo, lakini kinini yenyewe ni hii ya malaria. Mtakumbuka jinsi wazazi wetu walivyosimulia kwamba zamani ilinywewa kwa amri. Watu walipangwa mstari, kila mmoja akafungua kinywa, akatiwa kidonge, akanyweshwa maji, kisha akafungua kinywa tena ili ionekane kwamba kimeshuka. Shangazi alituigizia jambo hilo, macho kayatoa, ulimi nje, akigeuza kichwa huku na huku mbele ya mzungu asiyekuwepo, nasi watoto tulicheka mpaka tukalala chini.

Shangazi Faida alikuwa dada mdogo wa baba, na katika mtaa mzima hakuna aliyemshinda kwa kuondoa uchungu katika chakula. Sombe yake, yaani majani ya muhogo, ilikuwa laini, nyanya chungu zake hazikuwa chungu, na aliweza kupika hata majani ya mubirizi, ambayo mbuzi mwenyewe huyala akiwa hana budi. Silaha yake ilikuwa maji ya majivu. Alichoma maganda ya ndizi na maganda ya maharage, akatia majivu yake katika nyungu iliyotobolewa chini, akamimina maji juu, na chini yakadondoka maji ya rangi ya kahawia, yenye utelezi ukiyasugua kati ya vidole. Wanawake wengi wa kwetu walikuwa nayo. Hulainisha maharage na kutuliza majani makali. Ila Shangazi alipoyamimina alikuwa na maneno yake. "Toka, Uchungu," alisema, "wende kwa jirani."

Nami niliamini. Nilidhani Uchungu ni kitu chenye miguu, ambacho majivu yakikiudhi hutoka jikoni, hupita chini ya ua wa matete na kuingia katika nyungu ya Mama Domitila. Huyo alikuwa jirani yetu, mwanamke wa Bwegera aliyekimbilia mjini na magunia yake ya mpunga vita vilipofika bondeni. Mboga zake zilikuwa chungu kweli, kwa kuwa kwao walizipenda hivyo, lakini mimi nilijua sababu, na kila niliposikia maneno ya Shangazi nilimwonea huruma.

Uhuru ulikuwa umekuja nikiwa mdogo sana, nikabebwa mgongoni kwenda kuutazama. Baadaye ukaja uasi. Vijana waliovaa majani kichwani walishika mji, barabara ya Bukavu ikafungwa, na baba, ambaye alifanya kazi bandarini ng'ambo ya ziwa, Bujumbura, akashindwa kurudi. Usiku tuliona taa za huko aliko, nasi tukaambiwa moja kati ya hizo ni yake. Sokoni sabuni iliisha, kisha sukari, kisha kinini. Ndipo mdogo wangu Riziki akashikwa na homa.

Riziki alikuwa mtoto wa kelele. Aliimba akiwa chooni, aliimba akila. Asubuhi hiyo alikaa juani karibu na ukuta, akitetemeka katika joto lile la ziwani, na hakuimba. Mama alimbeba mpaka zahanati. Mwuguzi wa hapo, ambaye mtaa mzima ulimwita Munganga, alifungua kabati lake mbele ya mama ili alione lilivyo tupu.

"Mama, unaona na macho yako," alisema. "Iko bandeji, na iko dawa ya macho. Malaria haisikie hata moja."

Siku ileile, kama kwamba mtu alikuwa amempangia, aliingia baba mudogo Sadiki, mdogo wake baba. Alikuwa kazini kwenye shamba la kinkina, kazi yake kuchuna magome. Shamba lilipofungwa akashuka kwa miguu, akakwepa barabara, akazunguka kwa milima ya Mulenge akilala kwa wafugaji, mpaka akatufikia na gunia begani. Wote tulimkimbilia. Alikuwa amekonda, miguu imepasuka, lakini kabla hajaketi alikuwa tayari anasimulia alivyosimamishwa na waasi kwenye kizuizi cha kuingilia mjini.

"Ku bariere ya mwisho banauliza, iko nini mu gunia? Nikawaambia ni kuni. Mumoja akasema, kuni ya kutoka Bukavu? Kwani Uvira miti yote ilikufa? Akachukua kipande, akatafuna."

"Halafu?" Shangazi akauliza.

"Akanitazama kama vile minye nimemutukania mama yake. Akasema, pita. Pita na kuni yako, na usirudie fasi hii."

Mama hakucheka. Alikuwa ameshika gunia. "Sadiki, hii ndiyo kinini?"

"Ni mama yake kinini," alijibu baba mudogo. "Kule tulikuwa tunachemusha kidogo tukisikia homa. Muchungu, we, unaweza kuona babu zako."

Hapo ndipo Shangazi Faida alipofunga kikwembe chake vizuri kiunoni. Naona hata leo alivyojaa furaha, kwa sababu alimpenda Riziki kuliko sisi sote, na sasa dawa yake ilikuwa imeingia jikoni, mahali ambapo yeye ndiye aliyetawala.

"Wakati ya Wabeleji tulikunywa uchungu na mustari," alisema. "Sasa tuko na uhuru. Mutoto yetu atakunywa kama muntu."

"Faida, kule hakuna muntu alitia majivu."

"Kwani weye kule ulikuwa mupishi?"

"Nilikuwa ninachuna magome."

"Basi chuna. Jikoni iko yangu."

Alimimina gunia zima katika nyungu kubwa, ile ya maharage ya sikukuu, kwa kuwa kwetu walisema dawa ikipikwa nusu nusu nguvu zake hugawanyika. Akaongeza maji ya majivu kwa ukarimu na chumvi kidogo. "Toka, Uchungu," akasema, na safari hii hata mama alitabasamu. Mchuzi ukawa mwekundu wa kukolea, karibu mweusi. Aliuchuja kwa kitambaa, akautazama juani, akayatupa machicha ya magome kwenye beseni kuukuu nyuma ya jiko. Kisha akaonja, akatazama juu kama mtu anayesikiliza, akaonja tena.

"Kinini ya uhuru," alitangaza.

Riziki alikunywa kikombe kizima, akalamba midomo. "Ongeza," alisema. Shangazi alizunguka uani akicheza. Jioni homa ikashuka, nasi tukalala kwa amani.

Lakini malaria ina desturi ya kupumzika ili irudi. Ikarudi. Riziki alichoma kama jiwe la mekoni, akamwita mama kwa jina la shangazi na shangazi kwa jina langu. Alinyweshwa kikombe juu ya kikombe, na alikunywa vizuri tu, na hakuna kilichobadilika. Nilimwona mama akigeuza uso ukutani ili nisimwone. Baba mudogo alikwenda kumwita Munganga.

Munganga aliinama, akamfungua Riziki macho kwa kidole, akambonyeza chini ya mbavu, kisha akaomba kuonja alichokuwa anakunywa. Alikishika mdomoni kwa muda kabla ya kumeza.

"Ni muzuri," alisema. "Uliweka chumvi?"

"Kidogo tu," Shangazi akajibu.

"Muzuri sana. Hata minye ningekunywa na bugali. Lakini kinini haiko mu ndani."

"Iko aje haiko? Gunia muzima niliweka."

"Dada Faida, kinini unaijua na ulimi. Ukiikosa ku ulimi, mutoto ataikosa mu damu."

Shangazi alisimama na mwiko mkononi, na sijawahi kuona mtu mkubwa kama yeye akiwa mdogo vile. "Niliifukuza," alisema. "Niliifukuza minye mwenyewe."

"Nirudi kuchukua ingine?" baba mudogo akauliza. Alikuwa ameanza kutafuta fimbo yake.

"Mutoto haiko na hizo siku," Munganga akasema polepole.

Nilielewa neno hilo. Nikamvuta Shangazi kikwembe. "Shangazi, ule Uchungu ulienda wapi?"

"Niache, mutoto."

"Ulienda kwa jirani?"

"Ulienda kwa jirani," alisema, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusema kingine.

Basi, nikaenda kuurudisha. Ninyi wenye wajukuu mtanielewa: kwa akili yangu ya wakati ule hakukuwa na jambo jepesi kuliko hilo. Nilipita chini ya ua, nikamkuta Mama Domitila anapika wali, nikamwomba anionjeshe. "Urashonje?" aliniuliza kwa Kirundi chake, akidhani nina njaa, akanipa kijiko. Wali ulikuwa mtamu. Nilimwomba na mboga. Ilikuwa chungu kama siku zote, si zaidi.

"Mama Domitila, Uchungu wa Riziki haujafika hapa?"

Alianza kucheka. Nilipomweleza, aliacha kucheka, akaipua wali wake, akanishika mkono turudi kwetu. Tulipita nyuma ya jiko, kando ya beseni la machicha, na hapo nikamwona kuku wetu mmoja anafanya kitu cha ajabu. Alidonoa kipande cha gome, akakitema, akasugua mdomo wake chini upande huu, akasugua upande ule, akatikisa kichwa, akakimbia. Mwenzake akaja, akadonoa, akasugua mdomo vilevile.

Nilichovya kidole katika tope jeupejeupe lililokaa chini ya beseni, nikalamba.

Wenzangu, nimeonja vitu vingi katika kazi yangu. Hakuna kilichofanana na lile tope. Lilinishika ulimi, likashuka kooni, likapanda puani, na kelele niliyoipiga iliwatoa wote ndani, hata mama.

"Iko hapa," nilisema huku nikitema. "Haikuenda. Uchungu iko hapa chini."

Shangazi alichovya, akalamba, akatema mbali. Kisha akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akalitazama lile tope la beseni kama alivyozoea kuitazama mboga iliyoharibika na bado inaweza kuokolewa. Munganga alitaka kusema, baba mudogo akamgusa mkono anyamaze.

"Domitila," Shangazi akasema hatimaye, "maharagi ikizidi majivu, kwenu munafanya nini?"

"Ndimu," akajibu Mama Domitila.

"Na siye ni ndimu."

Walitazamana. Mama Domitila alikuwa na mti wa ndimu uani kwake, nasi tukaukwea, tukautikisa, tukaurudia. Nilitumwa kuwanyang'anya kuku kila kibanzi walichokimbia nacho. Machicha na tope lake vikarudishwa katika nyungu pamoja na ule mchuzi mwekundu, na wanawake wawili wakakamua ndimu mpaka vidole vikakunjamana. Povu lilipanda likifoka, likashuka. Mchuzi uliokuwa karibu mweusi ukapauka mbele ya macho yetu, ukawa rangi ya chai isiyo na majani ya kutosha. Shangazi akachemsha tena, akachuja, akaonja. Uso wake wote ulikusanyika katikati, kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba.

"Imerudi," alisema kwa sauti iliyobanwa. Kisha akaanza kulia na kucheka pamoja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na koti jeupe mbele ya ubao, nilielewa tulichofanya siku ile, na ndicho ninachowaeleza wanafunzi kila mwaka. Kinini ni mojawapo ya vitu ambavyo wanakemia huviita alkaloidi. Mimea huvitengeneza kwa faida yake, mara nyingi ili wadudu na wanyama wasiitafune, na ndiyo maana vingi ni vichungu. Alkaloidi hupenda ndimu na kila kitu kikali cha namna hiyo: zikikutana, huwa aina ya chumvi, na chumvi huyeyuka majini. Majivu hufanya kinyume. Huivua alkaloidi ile nguo ya chumvi, nayo ikibaki tupu haitaki maji tena. Hujishikiza kwenye gome au huzama chini kama tope. Mchuzi wa juu hubaki mtamu na bila kazi. Shangazi hakukosea kuhusu majivu, kwa kuwa yalifanya kilekile alichoyazoeza kufanya. Uchungu ulihama kweli. Ulihama kutoka juu kwenda chini, safari fupi kuliko ile niliyoifikiria. Basi ukiwa na mwanafunzi anayekuuliza kitu kilichotoweka kimekwenda wapi, usimwambie aache maswali. Kitu hakipotei. Mwambie atafute.

Siku ile, mchuzi ulipokuwa tayari, Munganga alichukua kijiko chake mwenyewe kutoka mfukoni. Kama kuna jambo lililomtisha kuliko kinini kidogo, ni kinini nyingi, kwa maana kitu hicho hicho kinachomwua mdudu wa malaria kinaweza kuuyumbisha moyo wa mtoto, na hakuna aliyejua nyungu ile ilikuwa na nguvu gani. (Ndiyo sababu ninawaomba msiende kuchemsha magome kwa kuwa mmesoma habari hii. Leo vidonge vipo, navyo vimepimwa.) Alitaka kuanza na kidogo, na asikilize dalili.

Riziki hakutaka tena kuongezewa. Baba mudogo alimshika miguu, mama kichwa, Shangazi akamimina. Alitema cha kwanza chote juu ya kikwembe cha Shangazi, kile kizuri.

"Weye uko mubaya," alimwambia, na ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza yenye maana tangu alfajiri.

"Niko mubaya," Shangazi akakubali. "Tukana, mutoto wangu. Kunywa, halafu utukane tena."

Alikunywa, akatukana. Mama Domitila alimsifu kwa matusi mapya aliyoyajua. Kesho yake, kati ya kijiko na kijiko, Riziki alimshika mama sikio, akamnong'oneza kwamba kuna nyuki ndani ya masikio yake, wanalia bila kupumzika. Mama aliogopa. Mimi sikuogopa hata kidogo. Nilielewa mara moja kwamba homa inatoka, na imechagua kutokea masikioni kwa umbo la nyuki. Nikaenda kufungua mlango na madirisha ili wapate njia.

Munganga alipofika alikuta nyumba wazi na mimi nimesimama kizingitini nikiwapungia nyuki wasioonekana. Aliuliza kuna nini. Akaelezwa. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue wakati ule wa vita.

"Masikio ikilia, kinini imefika mu damu," alisema. "Ile ndiyo nilikuwa ninasikiliza. Sasa tupunguze."

Nitawaeleza pia ilichokuwa ikifanya kinini huko damuni, maana ni kisa cha jikoni vilevile. Mdudu wa malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kula kilichomo. Akila, anabakiwa na taka ambazo kwake ni sumu, na ili aishi huzifunga vizuri na kuziweka kando, kama mama wa nyumbani anayekusanya maganda kwenye pipa. Kinini humzuia kuzifunga. Anaendelea kula, taka zinamjaa nyumbani, na zinamwua yeye mwenyewe. Hakuna nyuki. Lakini sikio la ndani huguswa na dawa hiyo likalia, na likilia, mganga mwenye busara hujua kwamba imetosha.

Homa ilikuja tena mara moja, dhaifu, ikakaa kidogo kama mgeni asiyekaribishwa, ikaondoka. Riziki alilala, akaamka, akalala. Mama hakuniruhusu kumgusa wala kumsemesha.

Kisha ikafika asubuhi moja nilipoamka nikiwa nje ya mkeka. Riziki alikuwa ameuchukua wote, mikono na miguu kaitandaza. Nilimsukuma. Akanipiga teke. Nilimwambia mkeka ni wetu wote, akaniambia wagonjwa ndio wenye mkeka. Nilimvuta sikio, hilohilo lililotoa nyuki, naye akaning'ata begani, tukabiringika mpaka tukaangusha chano cha maharage ambayo mama alikuwa akichambua mlangoni, na Riziki akaanza kupiga kelele zile zake, za mtaa mzima.

Shangazi alikuja mbio kutoka jikoni. "Batoto, mutauana," alisema, akanyoosha mkono atutenganishe.

Mama alimshika mkono huo. Maharage yalikuwa yametapakaa miguuni pake naye hakuyaokota.

"Waache, Faida," alisema. "Waache kwanza."